Mbele ya Aliyechorwa

Nyumba ya jadi ya Wagogo ni tembe. Kuta zake ni fito na udongo, paa lake ni bapa, limelazwa juu ya magogo na kufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Juu ya paa hilo bibi yangu alikuwa akianika mlenda na vipande vya maboga. Nimezaliwa na kukulia Mpwapwa, na kila kitabu cha darasani kilipotaka kutuonyesha nyumba ya kijijini kilichora msonge: ukuta wa duara, paa la nyasi lililochongoka juu. Msonge nilikuja kuuona kwa macho yangu nikiwa mtu mzima, safarini, mbali na Ugogo. Lakini tulipoambiwa tuchore kwetu, darasa zima la watoto wa nyumba za tembe lilichora misonge, na wote tukapata vema.

Nimekuwa mchoraji na mwandishi kwa sababu ya mambo ya namna hiyo. Nachora mabango ya afya, vijitabu vya haki za wanawake na watoto, vitabu vya hadithi. Naishi Nkuhungu, Dodoma mjini, na meza yangu ya kazi iko sebuleni kwa sababu ndipo penye mwanga mzuri. Wadogo zangu katika kazi hii, hasa wasichana, huniuliza nimejifunza nini. Ninayo mengi ya kusema kuhusu wino na karatasi, ila kubwa kuliko yote ni hili: mchoro wa jamii uwe ni mchoro ambao yule uliyemchora anaweza kukaa mbele yako akautazama, nawe usione haya.

Mafunzo ya kwanza nilipata kwa mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na zana zake za kufundishia alizitengeneza kwa mifuko ya salfeti. Unaukata mfuko, unaufua, unaunyoosha, kisha unaandika kwa makapeni. Ukiutunza vizuri unadumu miaka, hata mvua ikiupiga. Jioni alinipa kazi ya kujaza rangi: viungo vya mwili, mzunguko wa maji, ng'ombe na sehemu zake. Alikuwa akiutundika mfuko ukutani, anarudi hadi mlangoni, anatazama. "Mtoto wa dawati la nyuma anaona?" Kama haonekani ng'ombe ni ng'ombe kutoka pale mlangoni, tunarudia. Nilisomea ualimu kama yeye, nikafundisha, nikaacha. Ile hatua ya kurudi mlangoni sijaiacha. Bango la zahanati husomwa na mtu aliyekaa kwenye benchi upande wa pili wa chumba akiwa na mtoto mgonjwa mapajani, na mara nyingi hata si nakala ya rangi, ni fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine. Kwa hiyo nachora mstari mnene ulio wazi, halafu rangi naiongeza kama nyongeza tu. Picha inayotegemea rangi peke yake itakufa njiani kabla haijafika Kibaigwa.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya vikope, yaani trakoma. Mkoa wa Dodoma umeujua ugonjwa huu vizazi na vizazi, na Kongwa ni wilaya ambayo watafiti wa trakoma wamefanya kazi humo tangu miaka ya 1980. Bakteria wake husambazwa na vidole, nguo na inzi wanaofuata tongotongo za mtoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ukope hupata makovu kwa ndani, unajikunja, na nywele zake zinaanza kukwaruza mboni kila anapopepesa macho. Wanaofikia upofu zaidi ni wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto. Kinga yake mojawapo ni nyepesi kuitamka: mtoto aoshwe uso.

Wateja walikuja na mfano wa bango wanalotaka. Mama amesimama kwenye bomba, maji yanatiririka, ana sabuni ya kipande na taulo jeupe, mtoto anacheka. Pembeni, ndani ya duara, jicho moja kubwa jekundu. Niliwaomba kabla ya kuchapa twende na michoro ya penseli kijijini, na nikaandaa picha nyingine pembeni nikiwa na wasiwasi wangu kuhusu lile bomba.

Kupima picha kijijini kuna utaratibu wake. Huelezi kitu. Unasalimia, "Mbukwenyi", unakaa chini ulipoonyeshwa, unaitoa picha na kuuliza swali moja tu: mnaona nini hapa? Kisha unanyamaza, na kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu aliyekuja na ujumbe wake anawashwa kuusema. Wanawake walikuwa wametoka kliniki ya watoto, wamekaa kivulini. Bibi mmoja akaishika ile ya bomba, akaisogeza mbali na macho, akasema, "Huyu ni mke wa mtu mwenye mshahara." Mwenzake akasema mama anamwogesha mtoto ampeleke kanisani. Wa tatu akaliuliza lile jicho: hili limekatwa kwa nani? Hakuna aliyetaja ugonjwa wa macho.

Nikatoa ya pili. Dumu la lita ishirini, limefungwa kwa kipande cha gunzi badala ya kifuniko. Mama amechuchumaa, mtoto yuko katikati ya magoti yake. Mkono mmoja una kikombe cha plastiki kilichojaa nusu, anamimina kwenye kiganja cha mkono wa pili, na kiganja ndicho kinachoelekea usoni kwa mtoto. Inzi wawili kwenye shavu la mtoto wa pembeni anayesubiri zamu yake. Walikaa kimya kidogo, kisha mama mmoja kijana akasema, "Kumbe ni maji hayo tu?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kiangazi kikikaza ndoo ya maji ina hesabu yake: ya kupikia, ya kunywa, ya mbuzi anayenyonyesha. Mwanamke aliyechota maji mbali anapoambiwa "mwoshe mtoto uso" anaona ndoo nzima ikienda. Wala si uchafu wake wala si uzembe, ni hesabu, na hesabu yake ni sahihi kama uso unahitaji maji yote yale yaliyochorwa bombani. Picha ikimwonyesha kipimo, nusu kikombe, imemheshimu kama mtu anayepanga matumizi ya nyumba. Bango la bomba lingemwambia tu kwamba afya njema ni ya mke wa mtu mwenye mshahara. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba mabango mengi tuliyoyabandika nchi hii hayakueleweka kwa sababu mchoraji na mteja wake hawakuwahi kuuliza maji yanatoka wapi.

Kuna kazi ngumu kuliko hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kwa Dodoma ilikuwa asilimia 47. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 imefanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, kifungo chake kikiwa miaka mitano hadi kumi na mitano. Sheria ipo, lakini jambo lenyewe liliingia ndani ya nyumba. Badala ya msichana mkubwa na ngoma, sasa ni kichanga, usiku, na bibi zake. Sababu inayotajwa huku kwetu na Singida ni lawalawa. Mtoto wa kike analia, anapata muwasho au uchafu sehemu za siri, mkojo unamchoma, na wakubwa wanasema hii ni lawalawa, dawa yake ni kukata. Maambukizi yale hutibiwa zahanati kwa dawa za kawaida.

Nililetewa maelekezo ya bango. Wembe wenye damu. Mikono ya mwanamke mzee, bila uso. Msichana amejikunyata kwenye kona, analia. Nilikataa kulichora vile, na nilikataa kwa barua yenye sababu, kwa maana mteja anastahili sababu. Niliandika kwamba bango hili litabandikwa darasani, na kati ya wasichana watakaokaa chini yake wapo waliokwisha kukatwa. Kila asubuhi watajiona wakiwa wamejikunyata kwenye kona. Niliandika kwamba anayeamua ni bibi, na bibi aliyechorwa kama mikono ya muuaji hatalisogelea bango, atapita pembeni. Na niliandika kwamba maelekezo yote hayana neno hata moja kuhusu lawalawa, ilhali ndiyo sababu yenyewe.

Nikachora usiku, taa ya sola mezani. Bibi yuko katikati, kichanga mapajani kwake. Uso wa bibi niliuchora polepole kuliko kitu chochote: mikunjo ya paji, masikio yaliyotobolewa tangu utotoni, kitambaa kichwani, macho yanayomtazama mtoto kwa hofu. Mama mtoto amesimama nyuma, ameshika mlango. Picha inayofuata ni asubuhi, bibi huyo huyo, mtoto huyo huyo mgongoni kwake, yuko zahanati mbele ya nesi, na ni yeye anayeeleza. Maneno yako machache, yanasema lawalawa inatibiwa zahanati.

"Mbona ukatili hauonekani?" aliniuliza mratibu wa mradi. Tulibishana kwa heshima, muda mrefu, na mwisho tukakubaliana kijiji kiamue. Tulikwenda kijiji kimoja wilayani Chamwino. Bibi mmoja aliyeheshimika, ambaye wenzake walikuwa wakimsubiri aseme kwanza, alitazama bango akasema, "Huyu anampenda mjukuu wake." Akalishika muda. Wenzake walipoinuka yeye alibaki, akaniita, "Mjukuu wangu, hiyo dawa ya zahanati inaitwaje, na wanaiuza?" Nilimwita muuguzi tuliyefuatana naye, nikasogea mbali wakaongea wawili. Sijui alikuwa anauliza kwa ajili ya nani. Bango la wembe lisingeulizwa swali hilo na mtu yeyote.

Kuhusu nyuso: simpigi picha msichana yeyote aliyepitia mambo haya ili nimchore baadaye. Nachukua mkao wa mmoja, pua ya mwingine, kanga niliyoiona sokoni Majengo. Kijiji ni kidogo, na mstari mmoja wa taya unatosha mtu kutambulika na kunyooshewa kidole. Hata jina la kijiji halitakiwi kuonekana kwenye kibao cha nyuma. Hili sina mjadala nalo.

Watu huniuliza kwa nini pia naandika, kwani kuchora hakutoshi? Jibu langu liko Kolo, wilaya ya Kondoa. Miamba yake yenye michoro iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150, watu warefu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma. Mary Leakey, ambaye kabla ya umaarufu wake wa kuchimbua mabaki ya kale alikuwa akiishi kwa kuchora vielelezo vya wanaakiolojia, alikuja huko mwaka 1951 kuinakili. Kwangu mimi ni jambo kubwa kwamba aliyeifanyia kazi ile alikuwa mwanamke mchoraji, aliyekaa siku nzima mbele ya mwamba na kufuata mstari wa mtu mwingine kwa mkono wake.

Katika kibanda kimoja kuna kundi la watu watano. Wa katikati anaonekana ni mwanamke, na kila upande wapo wawili, kana kwamba anavutwa. Leakey alisoma hapo tukio la kutekwa. Wataalamu wengine wameliona kama ngoma ya kiroho. Nilisimama pale nikamtazama yule wa katikati na sikuweza kujua kama anateseka au anacheza. Aliyemchora alijua, na waliokuwa wakikaa pale naye walijua, kwa sababu picha ilikuwa na masimulizi yake. Masimulizi yakipotea, picha inakuwa mali ya yeyote anayekuja kuisoma. Baada ya safari ile nikaacha kusubiri watu wengine waweke maneno chini ya michoro yangu.

Hadithi yangu niliyoipigania zaidi inahusu msichana anayerudi shule baada ya kujifungua. Niliiandika wakati ambapo mwanafunzi aliyepata mimba alikuwa harudi kwenye shule ya kawaida ya serikali, na mchapishaji niliyempelekea alinirudishia akisema haiwezi kuingia madarasani. Nikaiweka. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wasichana hao wataruhusiwa kurudi baada ya kujifungua, na nikaitoa kabatini. Mabishano yakahamia kwenye ukurasa mmoja. Msichana yuko kipindi cha hisabati, saa nne, na mtoto wake nyumbani ni saa ya kunyonya. Maziwa yanaanza kutoka. Yanapenya kwenye shati, yanafika kwenye sweta, doa linakua ukubwa wa sarafu, kisha wa kiganja. Anakunja mikono kifuani na hapo hapo mwalimu anamwita ubaoni. Rafiki yake anavua sweta lake na kumpa bila neno, na yeye ndiye anayeinuka kwenda ubaoni badala yake.

Mhariri alitaka doa liondoke. Alisema si la heshima kwa watoto. Nilimwambia kila mwanamke aliyewahi kurudi kazini akinyonyesha analijua doa lile, na msichana wa miaka kumi na saba anayerudi darasani atalikuta wiki ya kwanza. Tukilificha tunamwacha alikute peke yake. Tumemwambia arudi shule, basi tumwonyeshe shule atakayorudi. Mhariri huyo ana watoto. Alikaa kimya kwenye simu, akasema liache, ila rangi yake iwe hafifu. Likabaki.

Fedha nitazisema haraka. Usianze kazi bila mkataba na malipo ya awali, hata kama anayekuagiza unamwita kaka. Andika kwenye mkataba mchoro ni wa matumizi gani, kwa muda gani, na jina lako litakaa wapi. Mchoro wangu mmoja wa mama na dumu niliukuta kwenye kalenda ya watu ambao sikuwahi kufanya nao kazi, jina langu limekatwa chini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilinipa mahali pa kusimama, na karatasi niliyosaini na mteja wa kwanza ndiyo iliyomaliza ubishi. Mwanamke mchoraji ataambiwa "dada, hii itakupa jina" mara nyingi kuliko mwanaume. Namjua kijana wa kiume mwenye uzoefu mdogo kuliko wangu ambaye hajawahi kuambiwa hivyo. Taja bei yako ukiwa unamtazama mtu machoni, kisha nyamaza, kama tunavyonyamaza kijijini.

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016 kazi ziliongezeka, na sasa tangu 2024 treni ya SGR inamleta mteja kutoka Dar es Salaam asubuhi na kumrudisha jioni. Nafurahia hilo kwa upande wangu wa biashara. Ninachosisitiza ni kwamba siku ya kwenda kijijini haifutwi kwa sababu treni inaondoka saa fulani. Naiandika kwenye bajeti mwanzoni kabisa, juu ya wino na karatasi: usafiri, chai na maandazi ya wanaotupokea, siku nzima. Wapo walioondoka na kumtafuta mchoraji asiyeiweka. Wanaobaki ndio nafanya nao kazi miaka.

Jumamosi wasichana wanne wa mtaani wanakuja kuchora nami barazani. Nawafundisha kushika penseli mbali na ncha, kurudi mlangoni kutazama, na kuchora tembe maana wenyewe wamezaliwa kwenye nyumba za bati na hawajawahi kupanda juu ya paa bapa. Wiki hii mmoja wao, aliye kidato cha pili, ameipinga picha yangu ya foleni ya maji kwenye kitabu kipya. Amesema nimewachora wanawake wote wamesimama wanasubiri, wakati yeye akienda kisimani anaona wanasuka nywele, wanahesabu fedha za vikoba, mmoja anamsomea mwingine ujumbe wa simu. Nimempa karatasi achore yake. Ameleta rasimu tatu, na ya pili ni nzuri kuliko yangu, isipokuwa miguu. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa mwezi. Nimeshamwandikia mhariri kwamba ukurasa wa foleni utakuwa na majina mawili na malipo mawili, naye anauliza bajeti itatoka wapi. Nimemjibu itatoka kwenye fungu lile lile la michoro, na nimemtumia hesabu.